Nikinyamaza, Mjomba Haoni Kona

Mpendwa mshauri, pokea shikamoo yangu kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ichukue hivyo hivyo, kwa sababu ninalokuja nalo ni zito na nahitaji msaada wa mtu atakayenisikiliza bila kunikatiza, maana kazini kwangu mimi ndiye msemaji na wengine wote ni wasikilizaji.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, kazi yangu ni kuongoza watalii katika safari ya siku nne ya kuzunguka kisiwa chetu kwa basi, na sijisifu, lakini ukiuliza pale ofisini nani anajua kuongea na wageni utaonyeshwa mimi, wenzangu wananiita Mdomo wa Basi na sijawahi kukasirika kwa sababu mdomo huu ndio unaonilisha. Siku ya kwanza tunatoka bandarini tunafuata fukwe, siku ya pili tunapanda mnara wa taa na kulala kwenye nyumba ya wageni juu ya ghuba, siku ya tatu tunapita barabara ya majabalini yenye kona arobaini na moja, nimezihesabu, mlima mkono mmoja na bahari chini kabisa mkono wa pili, na siku ya nne tunashuka taratibu kwenye mashamba ya chumvi mpaka tunarudi tulikoanzia. Hiyo siku ya tatu nimeshaona mtu mzima na ndevu zake akifuta machozi kwa uzuri wa alichokiona.

Dereva wangu ni mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja, na mama alipofariki nikiwa na miaka tisa yeye ndiye aliyenichukua, likizo zote za shule nilizimaliza kwenye kiti cha mbele karibu na mlango nikila maandazi na kumsikiliza akiniambia huu mlima unaitwaje na kijiji kile kilihamia lini, kwa hiyo hata haya ninayowaambia wageni leo mengi ni maneno yake. Ana miaka hamsini na nane, ameendesha barabara ile miaka ishirini na saba hajakwaruza hata rangi, na kisiwa kizima kinamwita Mzee wa Kona.

Sasa mshauri, pagumu ni hapa. Mzee wa Kona haoni vizuri. Ilianza kama miaka miwili iliyopita, kitu kikija mbali akaniuliza kwa utani, "Mpwa wangu, lile ni lori au ni nyumba?" nikamjibu, "Lori, Mjomba, nyumba hazitembei," tukacheka wote wawili, halafu akaanza kulalamika kwamba kioo kina ukungu, anakifuta na kukifuta kioo ambacho nimekisafisha mwenyewe asubuhi, na tangu hapo, hata sijui ilikuwaje, nikawa nasema. Nikisema kwenye maikrofoni, "Mabibi na mabwana, kona inayokuja ni kali, shikilieni kamera zenu," wageni wanashika kamera na Mjomba anapunguza mwendo, nikisema, "Kule mbele wanakuja wenzetu na lori la mawe, tuwapungie mkono," wageni wanapunga na Mjomba anasogea pembeni, nikisema, "Watazameni wale kina mama na ndoo zao kandokando ya barabara," wageni wanatazama na Mjomba anawakwepa. Hatukuwahi kukaa kitako tukapanga, hajaniomba wala sijamwambia, lakini nakuhakikishia hakuna dereva na muongozaji wanaoelewana kama sisi, na kwenye kitabu cha wageni wameandika kwamba huyu dada hapitwi na kitu, hata punda akivuka anatuambia mapema.

Lipo lingine na nalisema kwako tu. Mwaka jana leseni yake ilipoisha alitakiwa kupimwa macho, na mimi niliingia chumba cha vipimo kabla yake nikajifanya nauliza choo kiko wapi, nikazikariri herufi za ubaoni kutoka juu mpaka mstari wa sita, nikatoka nikamsomea kwenye benchi la nje mpaka akazishika kama wimbo wa chekechea, akaingia akazisema zote bila kosa, mpimaji akamsifu kwamba ana macho ya kijana. Tulirudi nyumbani tunacheka, ila mimi nilipofika chumbani nilikaa kitandani muda mrefu na viatu vyangu miguuni.

Mara moja tu tulipona kwa bahati, mbuzi walishuka ghafla kwenye kona ya kumi na tisa nami nilikuwa nimegeuka kumjibu mgeni, Mjomba akakanyaga breki mizigo ikaanguka, na tulipofika chini akaniambia bila kunitazama, "Leo umechelewa kusema," nikamwambia, "Samahani, Mjomba," yakaishia hapo.

Kisha safari iliyopita nilishikwa na kikohozi, siku ya tatu asubuhi sauti ikakauka kabisa, na kabla hatujaanza kupanda majabali Mjomba akasimamisha basi pembeni akazima injini, akawatangazia wageni kwamba imechemka, wala haikuchemka, mshale wa joto nilikuwa nauona, tukakaa saa moja na nusu wageni wakipiga picha kwa furaha huku yeye akinimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa yake, kikombe baada ya kikombe, ananiuliza, "Bado?" namtikisia kichwa, "Sasa je?" mpaka sauti ilipotoka ya kukwaruza ndipo akawasha gari. Mwisho wa safari, mwalimu mmoja mstaafu, mama mwembamba aliyekaa nyuma yangu siku zote nne, akanishika mkono wakati wa kuagana akasema, "Binti yangu, umetuhudumia vizuri sana. Lakini niambie, wewe unaongoza wageni au unaongoza dereva?" Nikacheka kicheko changu cha kazini nikamwambia vyote viwili, mama, naye hakucheka.

Ninachoomba unisaidie ni hiki. Ofisi imenipandisha cheo, kuanzia mwezi ujao niwe mfundishaji wa waongozaji wapya, nikae mjini, na nafasi yangu kwenye basi la Mjomba achukue muongozaji mwingine ambaye akifika majabalini huzima maikrofoni na kuweka muziki ili wageni wafurahie mandhari. Nikikataa cheo nitatoa sababu gani, na nikikubali Mjomba atabaki na muziki. Kumwambia uso kwa uso siwezi, nitamvunja moyo, na kwenda ofisini ni kumchongea mtu aliyenilea. Amebakiza miaka miwili tu astaafu, na kusema kweli naona tunaweza kuimaliza, kwa sababu mimi na yeye tukiwa pamoja ni dereva mmoja mzuri sana. Je, nikatae cheo? Nijibu mapema maana tunaondoka tena Alhamisi na watu ishirini na wawili.

Ni mimi, Mdomo wa Basi.

MSHAURI ANAJIBU

Mdomo wa Basi, marahaba. Nimekuzidi umri, na baada ya barua hii nimezeeka zaidi.

Barua imenifikia Jumamosi, gazeti linatoka leo Jumanne, na basi lako linaondoka keshokutwa. Kwa hiyo dada mwenye mawifi wanne na kaka mwenye mchumba anayemkagua simu watanisamehe, nimekupitisha mbele ya foleni yao. Wao shida zao hazina magurudumu.

Umeniuliza kuhusu cheo. Cheo kikae hapo pembeni kwanza, tutakirudia. Una basi lenye watu ishirini na wawili, barabara ya kona arobaini na moja, na anayeona siye aliyeshika usukani. Hilo ndilo swali lako, binti, na umelizunguka kurasa tatu kama kisiwa chenu.

Unasema wewe na yeye ni dereva mmoja mzuri sana. Hebu tumpime huyo dereva. Mbuzi anashuka. Unamwona wewe, unatafuta maneno ya kuwapendeza wageni, unayasema, Mjomba anayasikia, anayaelewa, ndipo mguu wake unakwenda kwenye breki. Mbuzi hana subira ya namna hiyo. Siku moja asiwe mbuzi, wawe wale kina mama wa ndoo, ambao hawakukata tiketi yako wala kusikia hadithi zako, wametoka tu kuchota maji. Utawaambia nini watoto wao, kwamba ulikuwa umegeuka kumjibu mgeni? Nimekasirika, na sitaficha.

Sasa nikupe na haki yako. Sikuoni mtu mbaya. Ulianza na jibu moja la utani kuhusu lori, kesho yake likawa la pili, na kila siku uliyorudi salama ikakuambia kwamba hakuna neno. Na mtu mwenyewe ndiye aliyekufuta machozi mama yako alipoondoka. Nakuelewa, na moyo umeniuma hasa pale kwenye viatu na kitanda. Ulijua siku ile. Ulikuwa unajua vizuri kabisa.

Unasema huwezi kumwambia kwa sababu utamvunja moyo. Rudi usome barua yako mwenyewe. "Leo umechelewa kusema." Mtu asiyejua kwamba haoni hasemi hivyo. Yeye anajua, wewe unajua, na mwalimu mstaafu amejua kwa siku nne tu akiwa likizoni. Siri yenu inafichwa kwa abiria peke yao, na wao ndio wenye roho zao mle ndani.

Mimi si daktari wa macho, na udaktari wako wewe unaishia mstari wa sita. Lakini ukungu unaokaa kwenye kioo kilichosafishwa hauko kwenye kioo. Kwa watu wa umri wake mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa, mtu akarudi kusoma hata maandishi madogo ya gazeti hili. Huenda sio huo, huenda ni ugonjwa mbaya zaidi na kila mwezi mnaompotezea unazidi kumla. Miaka miwili umemsaidia kuendesha, hata siku moja hujamsaidia kutibiwa. Hapo, mama, ndipo ulipomkosea.

Kwa hiyo leo hii, ukishakunja gazeti, nenda kwake. Usianze na habari za mvua. Mwambie, "Mjomba, huoni, na mimi nimechoka kuona kwa niaba yako." Halafu unyamaze. Najua kunyamaza si fani yako, jitahidi. Atafoka, au atacheka, au atatafuta kitambaa cha kufutia kitu. Mwache amalize, kisha mwambie kwamba kesho asubuhi mnakwenda hospitali ya macho. Akiingia kupimwa wewe ubaki nje, mlango ufungwe, na mdomo pia.

Mkitoka hospitali mnapitia ofisini kabla haijafungwa, wote wawili, na Alhamisi basi liendeshwe na mtu mwingine. Msiseme anaumwa tumbo. Semeni macho. Na habari ya ubao wa herufi nayo isemwe, na uiseme wewe, kwa sababu aliyeingia kuulizia choo ni wewe. Huenda cheo kikayeyuka. Huenda ukasimamishwa kazi. Pokea. Wakikuachia cheo, kichukue kwa mikono miwili, na somo la kwanza kwa wanafunzi wako liwe kwamba kazi ya muongozaji ni wageni.

Akikataa kwenda? Nenda ofisini peke yako kesho hiyo hiyo, na mwambie kabla hujaondoka kwamba unakwenda. Kumchongea mtu ni kumsema vibaya mgongoni mwake, na wewe utakuwa umemwambia machoni. Atanuna mwezi, atanuna hata mwaka. Mjomba aliyenuna bado unaye.

Na usimlilie sana Mzee wa Kona. Macho yakitengenezwa, atarudi kwenye usukani kwa karatasi ya daktari na si kwa wimbo wa chekechea. Yasipotengenezeka, ana miaka ishirini na saba ya kisiwa kichwani, na umeniambia mwenyewe kwamba hadithi unazosifiwa ni zake. Waambie ofisini wampe hiyo maikrofoni. Yule wa muziki apumzike.

Unaogopa hatakubali kuacha. Mimi siogopi, na nitakuambia kwa nini. Siku ile ya kikohozi, sauti yako ilipokauka, Mjomba wako hakujaribu hata kona moja. Alisimamisha basi kabla ya mlima, akazima injini, akasubiri, kwa sababu anajua kabisa thamani ya watu waliokaa nyuma yake. Aliyemfanya awashe tena ni wewe.

Alhamisi usimwashie.