Sentimita ya Kwanza Haipo

Jumatano, Segese. Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la malori ya mgodini limeingia mpaka kwenye chai. Nina aibu leo. Naiandika hapa mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Jumamosi nilimwambia Baba Kulwa mbele ya mteja kwamba macho yake yamechoka. Baba Kulwa ni seremala mwenye miaka sitini na kitu, ndiye aliyenifundisha kushika randa zamani, kabla sijawaza kununua mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Siku hizi tunafanya kazi pamoja kwenye karakana yangu. Mteja alikuwa Mama Neema, mwenye gesti, na mlango wake ulikuwa mezani. Paneli ilikuwa imechongwa maua vizuri kabisa, ila ilipwaya kwenye fremu kwa karibu vidole viwili.

Fremu aliipima Baba Kulwa. Paneli ilichongwa na mashine, na mashine naiendesha mimi. Kwa akili yangu kompyuta haikosei, basi amekosea mzee.

Hakubishana. Aliweka penseli mezani, akachukua kofia yake, akaondoka. Hajarudi mpaka leo.

Mama Neema naye hakukaa na maneno. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba Baba Kulwa haoni tena, na kabati alilokuwa amemwagiza mzee alitengeneze nyumbani kwake, akaghairi. Nilisikia, nikanyamaza.

Leo nilikuwa peke yangu, nakata rafu za duka. Niliiagiza mashine ikate sentimita sitini. Kila rafu ikatoka fupi.

Sasa nimsingizie nani?

Nikaazima futi kamba mpya kwa jirani. Ikasema hamsini na nane. Nikachukua ya kwetu, ikasema hamsini na tisa. Ubao mmoja, majibu mawili. Ndipo nilipoitazama ya kwetu vizuri. Ile ncha ya bati ilishang'oka na sentimita ya kwanza imeondoka nayo. Inaanzia moja.

Baba Kulwa siku zote hupima kuanzia kumi, halafu anatoa kumi. Nimemwona akifanya hivyo kila siku. Nilidhani ni mazoea ya wazee.

Kosa lilianza wiki mbili zilizopita. Umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza draiva, kifaa kinachoiendesha mota, ya mota moja. Nikafunga mpya, nikaamua kupanga vipimo upya. Mota hizi huzunguka kwa hatua ndogo ndogo, na kompyuta lazima iambiwe ni hatua ngapi zinafanya milimita moja. Zetu ni 640. Niliiagiza mashine itembee sentimita thelathini, nikapima kuanzia kwenye ncha, nikasoma thelathini na moja. Nikaona inapitiliza, nikapunguza hatua mpaka 619. Nikapima tena kwa futi ileile, thelathini kamili. Nikajipongeza, na siku hiyo nilikunywa soda. Tangu hapo nimechonga vibao vya majina tu, na kwenye kibao cha jina nani atajua? Paneli ya Mama Neema ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya kwanza.

Nikarudisha 640. Nikaipeleka mashine mpaka mwisho wa meza, mota ikanguruma na daraja, lile linalobeba kichwa cha kuchongea, likagonga chuma cha ukingoni. Kumbe hata kikomo cha safari ya mashine nilikiweka kwa futi ile: sentimita 121, wakati meza ina 120. Nikaweka 119, ibaki na nafasi ya kupumua. Nikapima mara tatu kwa futi ya jirani. Sawa, sawa, sawa.

Mashine imepona kwa nusu saa. Nikatafuta kazi nyingine ya kujificha nyuma yake, sikuipata.

Saa kumi nikaenda kwa Baba Kulwa. Nilimkuta uani anatia mpini jembe.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba, mayu," akaitikia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Karibu kigoda."

Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: futi, hatua, kikomo, na kwamba fremu yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza huku akigonga mpini.

"Mimi nimekusikia," akasema. "Lakini Jumamosi hatukuwa wawili."

Nilijua anamaanisha nini, na moyo ulikataa. Mama Neema ameagiza milango mingine sita kwangu. Nilisimama pale kwa muda nikitafuta njia ya kusema ukweli nusu. Kisha nikatoa simu, nikampigia palepale, nikaweka sauti ya nje.

Nikamweleza. Akauliza, "Kwa hiyo mlango wangu nani aliuharibu?"

"Mimi."

"Na mzee ukamsema vile mbele yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akasema kabati lake atalitengeneza Baba Kulwa, na hiyo milango sita atafikiria. Kisha akakata.

Baba Kulwa hakucheka wala hakunipa pole. Aliulaza mpini chini, akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa. Sikumuuliza kama atarudi kazini. Sikuwa na haki hiyo.

Njiani nilikuwa nawaza: mashine niliipima mara tatu kabla ya kuiamini. Mtu aliyenifundisha kazi nilimhukumu bila kupima hata mara moja.

Asubuhi nafungua karakana saa moja. Sijui kama nitafungua peke yangu.