Chakula Hakipakuliwi Mpaka Twende kwa Mama

Mbinga, Jumamosi. Novemba ndiyo kwanza imeanza.

Ukungu umetanda tangu asubuhi na mvua imepiga kidogo, ile ya kulowesha vumbi tu. Nimerudi kutoka kijijini nikinuka moshi kichwa hadi miguu. Sijaoga. Nikioga hasira itapoa, na leo naitaka ikiwa ya moto ninapoandika.

Leo ilikuwa kumbukumbu ya marehemu wa ukoo wetu. Kila mwaka, mwezi huu wa kuwaombea marehemu, tunakutana Mbuji alikozaliwa baba. Tunafyeka na kufagia makaburi, katekista anatusalisha, kila marehemu anatajwa jina na kaburi lake linanyunyiziwa maji ya baraka. Kisha tunakula pamoja. Jambo jema kabisa.

Ila mama yangu hatajwi.

Mama alikuwa Mnyasa wa Ngumbo, kule ziwani. Baba alipofariki, wazee walikaa kikao wakaamua arithiwe na Baba Mkubwa, kaka yake baba. Mama akakataa, mchana kweupe, mbele yao wote. Akabaki na kahawa yake na ngolo zake, yale mashimo ya shambani yaliyozungukwa na matuta ambayo sisi Wamatengo tunalima kwenye miteremko. Kulaza majani ya tuta ni kazi ya wanaume, kuyafukia kwa udongo ni ya wanawake. Yeye alifanya zote mbili, na kwao ziwani ngolo hakuwahi hata kuiona. Alipokufa wakasema hawezi kulala na ukoo alimojitoa mwenyewe. Tukamzika ng'ambo ya shamba, peke yake.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Baba Mkubwa. Nikampa shikamoo yake na heshima zote, nikaomba mwaka huu na mama atajwe. Akanijibu kwa upole kabisa, "Yule wa ziwani alijitoa mwenyewe, mwanangu. Wewe njoo usaidie jikoni."

Jikoni! Mama yangu hafai kuombewa, lakini binti aliyemzaa anafaa kusonga ugali.

Nilikwenda. Kwa nini nisiende? Baba yangu naye amelala pale. Mama Mdogo, mdogo wake mama, alipanda kutoka Ngumbo na ndoo ya usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wamekauka vizuri. Tulipika tangu alfajiri: ugali, maharage, mbuzi, na usipa wake. Makaburini tulisali vizuri. Babu akatajwa, bibi, baba yangu, hata yule baba mdogo aliyeuza shamba la ukoo akalinywea pombe. Naye alipata maji yake ya baraka.

Katekista akafunga kitabu, watu wakaanza kujisogeza kwenye sahani.

Kweli tena, sikuwa nimepanga. Nilijikuta nafunika masufuria, moja baada ya jingine, nikasimama mbele ya masufuria hayo. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sijui nilikoitoa, "Chakula hakipakuliwi mpaka twende kwa mama."

Watu wakabaki na sahani mkononi.

Baba Mkubwa akacheka, kicheko cha mdomoni tu. Akamgeukia Shangazi, dada yake. Shangazi ndiye mkuu wa jiko kwenye kila shughuli ya ukoo, na hakuna anayepakua bila yeye. Akamwambia, "Dada, pakua. Watu wana njaa."

Hapo nikajua nimekwisha.

Shangazi akauchukua upawa. Akaufuta kwa kanga yake, taratibu, akauchomeka kiunoni kama panga. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya masufuria pamoja nami.

"Mume wangu aliponifukuza," akasema, "ninyi kaka zangu mlinipa ushauri. Huyo wa ziwani alinipa kitanda. Sipakui."

Nani apakue Shangazi akiwa amekaa? Akina mama wa jumuiya ya kanisa wakaweka sahani chini, mmoja baada ya mwingine. Mama Mdogo alitaka kupiga kigelegele, nikamkanyaga mguu. Mbuzi alizidi kunukia. Wanaume wakatazamana, wakatazama masufuria, wakatazamana tena. Mwisho katekista, ambaye nadhani hata chai hakuwa amekunywa, akakohoa na kusema marehemu wote ni wa Mungu, na yeye anakwenda.

Hakuna njia ya kufika kwa mama, maana hakuna anayekwenda ila mimi na Shangazi. Ilibidi wapite juu ya matuta ya ngolo zake, zile ambazo Shangazi anazilima mpaka leo, mmoja nyuma ya mwingine, wakichungulia wasitumbukie mashimoni na viatu vyao vya misa. Ukoo mzima unatembea kwa adabu shambani kwa mama yangu! Nililia hapo, tena bila aibu.

Katekista akaniuliza jina. Nikasema: Anastazia. Akalitamka kwa sauti, watu wakaitikia, wale wale waliomtenga. Maji ya baraka yakaangukia udongo wake kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Baba Mkubwa hakuja. Alibaki kwenye kiti chake. Tuliporudi Shangazi akafunua masufuria, nami nikampakulia yeye wa kwanza, nikampelekea kwa mikono miwili na goti chini, kama mama alivyonifunza. Nikamwambia, "Karibu, Baba Mkubwa. Chakula cha kumbukumbu ya Anastazia."

Akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Kisha akala, akamaliza usipa wote, akaomba aongezwe mchuzi.

Sijui kama ilikuwa toba au njaa, na leo sitaki kujua. Nilipokuwa naaga alisema kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba mwakani atatafuta wapishi nje ya ukoo.

Atafute.

Mwakani tunaanzia kwa mama. Shangazi amenisindikiza hadi barabarani, akanitia kitu mkobani bila kusema neno. Upawa. Uko hapa mezani ninapoandika, bado una mafuta ya mbuzi, na sitauosha leo.