Kombe Tamu

Alhamisi, 3 Julai

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa barabarani Chukwani, Nasra mgongoni, bado amelala. Mkoba mkononi: nguo mbili, kopo la uji, kanga yake ya kulalia. Mjini tulifika mapema, bure. Bi Raya hafungui nasari yake kabla ya saa moja kamili, hata ukimwona dirishani anafagia. Na mimi hotelini natakiwa saa moja kamili. Kila siku nachelewa dakika kumi, kila siku naambiwa.

Leo Nasra kaning'ang'ania ushungi mpaka pini ikatoka. Nimembandua vidole kimoja kimoja. Ana miaka miwili na miezi minne na nguvu za mchukuzi. Namsikia mpaka nikikata kona. Halafu simsikii tena, na hapo ndipo moyo unaposhuka.

Karibu nusu ya mshahara wangu ni wa Bi Raya. Kuna nasari nyingine kule Fumba, ina bembea na nyasi za kijani. Mume wangu Makame ni fundi umeme, ndiye aliyefunga taa zake. Wanataka dola. Amefunga taa zisizomwakia mwanawe.

Vyumba kumi na moja leo. Mgongo umekufa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Bi Raya kafunga. Wageni hawana Sabasaba, wao wanataka mashuka safi. Makame naye kaitwa kazini. Jirani kaenda harusini. Nikamchukua Nasra hotelini, nikamficha stoo, juu ya mataulo, na biskuti na simu yangu. Alikaa vizuri kwa saa mbili. Kisha akatoka kunitafuta, akaingia chumba cha mgeni, akakojolea zulia.

Mgeni alicheka. Meneja hakucheka. Nina barua ya onyo, ya mwisho, ina mhuri. Nikija tena na mtoto, nisije tena kabisa.

Mama yangu angekuwa hai yasingenikuta haya. Leo nina hasira na kila mwanamke mwenye mama mjini.

Jumatano, 9 Julai

Bi Raya alinisubiri mlangoni jioni, mikono kiunoni. Nasra analia kutwa, na akilia yeye wanalia wote. Wako kumi na wanane. Majirani wanadhani anachinja mbuzi. Ama atulie, ama nimtafutie pengine.

Pengine wapi? Nilisimama kama nguzo. Akalainika. Akasema kuna watoto anaowapa kombe, la mwalimu mmoja anayemwamini, na wanatulia. Nimruhusu?

Nikasema mpe. Sikufikiri hata kidogo. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kombe. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa marashi na maji, unapewa kikombe kidogo, unasema bismillahi unakunywa. Homa, ndoto mbaya, mtihani wa darasa la saba. Nani anakataa kombe? Ukikataa utaonekana mtu wa namna gani?

Nimempigia mama mkwe, Bi Mwaka, Makunduchi. Kafurahi. Kasema mjukuu wake yuko mikononi mwa watu wa dini.

Jumamosi, 12 Julai

Limefanya kazi. Juzi kalia, jana kidogo, leo hakulia kabisa. Nimemkuta kakaa ukutani, mpole, mikono mapajani. Makame kasema mtoto kaingia adabu. Nimetandika vitanda bila kumsikia kichwani mwangu, mara ya kwanza tangu aanze kwa Bi Raya. Nimejisifu kazini mpaka wenzangu wakachoka.

Alhamdulillahi.

Jumanne, 15 Julai

Kopo la uji limerudi limejaa. Siku ya pili hii. Nikimchukua saa kumi amelala. Nikifika naye nyumbani amelala. Anaamka baada ya isha, macho mazito, anautazama ukuta.

Bi Raya anasema mtoto akikua hulala. Makame anasema ni joto. Joto gani, Julai? Lakini nimesema ndiyo kwa wote wawili. Nimechoka.

Ijumaa, 18 Julai

Wageni wa chumba namba sita wameomba kutoka saa tisa badala ya saa tano, na meneja kawakubalia kwa mgongo wangu. Nimetoka saa kumi na moja. Bi Raya anatoza faini kwa kila nusu saa, na saa yake ya ukutani inakimbia. Nimelipa.

Kanikabidhi Nasra mlangoni kama furushi la nguo chafu. Nikamsimamisha avae ndara. Magoti yakakunjika, akakaa. Nikamsimamisha tena. Akakaa tena, akanitazama, hakulia. Ndiye huyu aliyening'oa pini.

Nimeogopa. Naandika ili kesho nisijidanganye kuwa sikuogopa.

Jumapili, 20 Julai

Siku yangu ya mapumziko. Saa mbili asubuhi Nasra yuko macho. Saa nne kamwaga unga wa chapati sakafuni kaogelea ndani yake. Saa sita kapanda juu ya cherehani na anapiga kelele za ushindi. Sikumgombeza. Mtoto wangu karudi, na ni siku moja tu hakwenda kwa Bi Raya.

Makame alikwenda kwao jana. Bi Mwaka kampa chupa ya kombe, kaandikiwa na mwalimu wa kule. Mchana nikammiminia Nasra kidogo. Ilivyonukia ile zafarani, nikarudi utotoni.

Kaonja. Katema kwenye kanga yangu.

"Si kombe," kasema. "Kombe tamu."

Nikamwambia hili ndilo kombe. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole juu, kwenye ukuta wetu usio na kitu, kama anayenionyesha rafu. "Kombe tamu. Kule."

Kombe si tamu. Zafarani ina uchungu wake, marashi yanakwaruza koo. Katika maisha yangu sijapata kunywa kombe tamu. Nimekaa sakafuni kwenye unga.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempeleka.

Nimeliandika hivyo hivyo nilione. Nilijua, au nilijua nusu, na saa moja kamili nikabisha mlango nikamkabidhi. Barua ya onyo. Kodi ya nyumba. Makame kasema tusimtie mwanamke wa watu hatiani kwa neno la mtoto wa miaka miwili, pengine anatia sukari tu. Nimeishikilia sukari hiyo kutwa nzima, vyumba tisa, kama mfa maji.

Jioni, kabla hatujatoka uchochoroni, nimemnusa mdomo. Si zafarani. Si marashi. Ni dawa ya mafua ya watoto, ile yenye ladha ya chungwa. Naijua. Nilimpa mwenyewe wakati wa masika, akalala mpaka nikamwamsha kwa maji.

Mama gani mimi.

Jumanne, 22 Julai

Mchana nimetoka hotelini kwa mlango wa jikoni bila kuaga. Kwa Bi Raya ni dakika saba kwa mguu.

Nikasimama nje. Saa sita ya mchana, watoto kumi na wanane, na kimya. Siku zote nikisikia kimya kile nilikuwa nasema mashaallah, huyu mwanamke anajua kulea.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Wamelazwa mikekani, safu tatu, kama dagaa walioanikwa. Nzi anatembea juu ya shavu la mtoto na mtoto hatikisiki. Nasra yuko safu ya ukutani, mdomo wazi. Rafuni, juu, chupa ya marashi, ndani yake maji mazito ya rangi ya chungwa. Nyuma yake chupa nne tupu za dawa. Hakuzificha hata.

Bi Raya katoka jikoni na mwiko mkononi. Hakukana.

"Wewe mwenyewe ulinambia nimpe."

"Nlikwambia kombe, Bi Raya! Kombe!"

"Na nlianza na kombe, wallahi. Siku ya kwanza nlimpa kombe la haki. Kalia vile vile. Mnanletea watoto kumi na wanane, mie ni mtu mmoja. Mnanlipa kwa vipande, jioni mnanchelewesha. Ulitaka nfanye nini, mama Nasra?"

Nilikuwa na matusi tele mdomoni. Kumwita mwongo naweza. Ila watoto kumi na wanane ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaochelewa, na hilo linaniuma kuliko mengine yote. Lakini kulitia jina la kombe ndani ya chupa ile! Alijua hakuna mama atakayeuliza mara mbili. Alinijua mimi.

Nikambeba Nasra. Kichwa kikaning'inia begani.

Mlangoni nikakutana na mama Yusra, anauza katika duka la nguo Darajani, mwanawe hajatimiza mwaka. Alikuwa anakuja kunyonyesha. Nikamweleza. Akanivuta kando.

"Mie najua tangu Ramadhani," kasema, chini chini. "Nakuomba usende kumshtaki kwa sheha wa mtaa. Wakimfungia, wangu ntampeleka wapi?"

Nikarudi hotelini na mtoto begani. Meneja kaitazama saa, kamtazama Nasra. Kanipa siku tatu bila malipo. Baada ya hapo nirudi peke yangu au nisirudi.

Alhamisi, 24 Julai

Daktari kamfunua macho, kamsikiliza kifua. Atakuwa sawa. Dawa ile mtoto wa umri huu hapewi. Kwa nini nilimpa?

Hakuuliza nani kampa. Kauliza kwa nini nilimpa. Nikaanza kusema kombe, akainua uso, nikaanza kumvalisha Nasra gauni lake.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimesikia methali hiyo maisha yangu yote na sikudhani inanisubiri mimi.

Nasra kalia sana leo, kutwa, kwa kila kitu. Nimemwacha alie. Ni sauti nzuri.

Ijumaa, 25 Julai

Tumempeleka Makunduchi. Nimetafuta siku zote tatu, sikupata njia nyingine. Kituo kimoja kimejaa, kingine hakipokei walio chini ya miaka mitatu, na msichana wa kukaa naye nyumbani simpati kwa pesa niliyo nayo.

Bi Mwaka kamvua ndara, kamwosha miguu. Analima mwani, maji yakitoka atakwenda naye. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Wakati naondoka Nasra alikuwa kizingitini na kipande cha muhogo mkononi, akanitazama. Hakulia. Sijui ni utulivu, sijui ndivyo alivyofundishwa.

Njia nzima Makame ameendesha vespa kama aliyebeba mayai.

Jumamosi, 2 Agosti

Nafika kazini nusu saa kabla ya wakati. Meneja kanisifu mbele ya watu. Nimemchukia kwa moyo wangu wote.

Mshahara haukupita kwa Bi Raya mwezi huu. Nimenunua sabuni na ndara za Nasra, namba kubwa zaidi, za baadaye. Nilizoea kukaa nimeinama kidogo upande wa kushoto, alipokuwa akikaa nikimbeba. Bado nainama.

Bi Mwaka kasema kwenye simu mtoto sasa anakunywa kombe bila kutema. Kalisahau lile tamu. Mimi sijalisahau.

Jumapili, 10 Agosti

Makunduchi. Nasra anakimbia. Kaniletea kome, kisha kaniletea jiwe, kisha kaenda zake kucheza. Nilipoaga kalia, kanishika ushungi. Nimefurahi. Ni aibu kuandika lakini nimefurahi.

Jumanne, 12 Agosti

Wageni wa chumba namba mbili wametaka mtu wa kukaa na mtoto wao asubuhi, wao waende kutembezwa mjini. Meneja kanichagua mimi. Kasema mimi, Tatu, nina mkono wa watoto. Sikujua nicheke au nimtupie ndoo.

Mtoto wa kiume, bado hajatembea sawasawa. Alilia mama yake alipotoka. Nilimbeba, nikazunguka naye chumba mara nyingi, nikamwimbia ninazomwimbia Nasra. Alilia karibu saa nzima. Mkono mmoja uliniuma mpaka begani. Kisha akalala mwenyewe, polepole, kama watoto wanavyolala. Nilimlaza chini ya chandarua, nikainama nikamnusa mdomo.

Maziwa tu.

Walirudi kabla ya saa sita, wakanipa noti mkononi, zaidi ya ninachopata kwa siku. Nilitoka mapema. Sikuwa na haja ya kupita kwa Bi Raya. Nilipita. Nikasimama mahali pale pale, nikasikiliza. Kimya. Kumi na saba sasa, kama hajaongeza.

Mama Yusra atanichukia, na ana haki yake.

Nikaendelea hadi kwa sheha, nikapiga hodi. Mkewe katoka. Kasema mzee anakula, nisubiri kidogo. Nikakaa barazani nikasubiri.