Neno la Pili

Wairimu mjukuu wangu,

Hapa Komarock tunapumua, ila mguu wangu bado unanisumbua. Unauliza kwa nini Wazungu husema "heavy rain" ilhali sisi tunasema mvua kubwa. Ni mazoea tu, mama. Maneno yao mengine yameoana. Mwalimu wetu wa jioni kule Ziwani alitukaririsha: "heavy" na "rain", na kwa masikitiko, "deeply" na "regret".

Asubuhi moja, hukohuko Ziwani, jirani yangu, Mama Njeri, aliingia bila hodi, akaepua sufuria yangu ya githeri na kuzima jiko. Pale mtaani ndivyo mwanamke alivyoletewa habari za msiba, asije akaangukia moto. Mimi nilikuwa mgeni, mama yako bado yu tumboni, sikuijua desturi hiyo. Nikamfokea, "Kwani umerukwa na akili? Haijaiva!"

Akanishika mkono. Nyuma yake, mlangoni, alisimama meneja wa kiwanda alichofanyia kazi babu yako, kofia mkononi.

"We deeply," akaanza, kisha akakohoa.

Hakumaliza. Neno la pili nililisema mimi.

Ni mimi,
Shosho wako