Nimeomba Zamu, Nimeletewa Mjusi

Jumapili, 3 Machi

Kaka amekuja. Hatimaye! Nilikuwa nimejipanga kumwambia yote. Kwamba tangu Mama aanguke, upande wake wa kulia ukafa ganzi, ni mimi tu. Kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, kumpeleka chooni. Kwamba Bosi kule maabara ya meno bandia amenishikia kiti changu mpaka mwisho wa mwezi, basi. Kwamba tupeane zamu: yeye, Dada, na mimi. Si jambo kubwa.

Akaingia anahema, sanduku la kioo limemziba uso. Eti ameniletea mwenzangu, nisiwe mpweke.

Mjusi! Nimeomba zamu, nimeletewa mjusi.

Si wa ukutani, anasema. Huyu ni mjusi-ndevu, wa kufugwa, watu wanamtafuta. Kapewa na mteja wake anayeuza samaki wa mapambo na wanyama wa ndani. Ndevu zenyewe sizioni. Ni kachanga, urefu wa mswaki, na nusu ya mswaki huo ni mkia. Kananitolea macho kama nimekakosea.

Kaka kachomeka taa mbili, kaniachia kopo la nyenje hai, kambusu Mama kwenye paji la uso, kala kona. Chai hakumaliza. Maneno yangu ya zamu nimebaki nayo mdomoni.

Mama kalitazama sanduku, kanyamaza. Hasemi siku hizi. Mwalimu mkuu mzima, aliyekuwa ananyamazisha shule kwa jicho tu.

Jumatatu, 4 Machi

Namba ya Muuzaji iko ubavuni mwa sanduku. Nimempigia. Ana sauti ya mtu aliyetoka kulala, lakini mvumilivu. Masharti chungu nzima! Upande mmoja wa sanduku joto kali, mwingine poa, ajichagulie. Taa ya pili ni ya mionzi, ndiyo jua lake. Bila hiyo mifupa inalainika. Nyenje asubuhi, mchana, jioni. Wasiwe wakubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake, na wapakwe unga wa kalsiamu. Majani yakatwe madogo madogo. Na nisimshike kwa kumtokea juu, atadhani mimi ni mwewe.

Nikauliza, na nikitaka kutoka?

Ukitoka, anasema, nani atabaki naye?

Nilicheka mpaka Muuzaji akauliza kama niko salama.

Kwa hiyo Mama mara tatu, mjusi mara tatu. Mchicha mmoja, kisu kimoja. Wa Mama naupondaponda, wa mjusi naukatakata. Wote wawili wananitemea.

Jumatano, 6 Machi

Jumatano ni siku yangu. Jirani huja kukaa na Mama, mimi nakwenda sokoni, nazunguka tu, naangalia vitambaa nisivyonunua. Saa mbili za kupumua.

Leo kaingia, kaona taa nyekundu, kasogea. Mjusi naye kapanda ukutani mwa kioo, tumbo nje. Mayowe! Nilidhani Mama kafa. Jirani alikuwa ameshafika getini, kandambili moja kaiacha kwenye zulia. Akanirushia maneno kutoka hukohuko: mgonjwa ndani halafu unafuga jitu kama hilo? Ama huyo, ama mimi!

Nimempigia Kaka aje achukue mzigo wake. Kasema nimzoee kwanza, halafu kuna mtu anamwita, halafu kakata.

Sokoni sikwenda. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 8 Machi

Tumempa jina. Au nimempa, Mama hakupinga. Meneja. Kwa sababu anakaa juu ya gogo chini ya taa, kidevu juu, anatuangalia tunavyofanya kazi, na chakula chake kikichelewa ananuna.

Leo nimemfanyia wema. Sanduku lilikuwa tupu chini, kioo kitupu, nikamwonea huruma. Nikaomba mchanga kwa mafundi wanaojenga ng'ambo ya barabara, nikauchekecha, nikauosha, nikauanika. Halafu nikakumbuka mfuko wangu wa unga wa plasta, ule wa kutengenezea kalibu za meno, chini ya kitanda. Nimemmwagia jiwe la kuotea joto, na mgongo wenye mikunjo asiteleze. Nililichonga na kisu changu cha nta, kile cha kazini. Jamani! Mikono yangu ilivyofurahi. Nilisahau hata chai jikoni, ikakauka na sufuria.

Meneja kalipanda jiwe palepale. Mchanga kaulambalamba. Amependeza, utafikiri yuko kwao.

Jumanne, 12 Machi

Meneja hali kitu. Tangu juzi hali. Nyenje wanamtembelea mpaka mgongoni, yeye kafumba macho. Wala choo hapati. Tumbo gumu.

Nimempigia Muuzaji. Alipofika kwenye neno mchanga, usingizi wote ukamtoka. Nani kakwambia umwekee mchanga? Hakuna aliyeniambia. Nilijua mwenyewe, ndiyo shida yangu. Kumbe wachanga hawa wakimrukia nyenje wanammeza pamoja na mchanga, unajazana tumboni kama zege. Niutoe wote, nitandike karatasi. Nimkalishe kwenye maji ya uvuguvugu yamfikie mabegani, nimsugue tumbo taratibu kuelekea mkiani. Na akianza kuburuta miguu ya nyuma, nimkimbize kwa daktari wa mifugo.

Nimkimbize! Mama nimwache na nani?

Nimetoa mchanga kwa kijiko huku nalia. Wazo likanijia: akifa, Jirani atarudi. Nilikaa nalo wazo hilo muda mrefu kuliko inavyopasa. Nimejionea haya.

Jumatano, 13 Machi

Nimeweka beseni juu ya kimeza cha Mama, maana siwezi kuwa vyumba viwili kwa wakati mmoja. Meneja ndani ya maji, mkono wangu chini ya kifua chake. Nasugua. Moyo wake unadunda kwenye kidole changu. Mama kalalia mto anatazama. Nasugua. Maji yanapoa, naongeza ya moto. Nasugua. Nilikuwa nimeshakata tamaa, naangalia dirishani, nahesabu nondo.

"Ka-nya!"

Niligeuka kuona nani kaingia. Hakuna mtu. Ni Mama! Kidole cha mkono wa kushoto kinaonyesha beseni, na kweli, maji yamechafuka, mchanga na uchafu na kila kitu, na Meneja kafumbua macho.

"Kanya," Mama karudia. Safi kabisa.

Neno la kwanza tangu aanguke! Na ni neno lilelile nililolisema nikiwa mdogo mbele ya wageni, akanipigisha magoti sebuleni hadi wageni walipoondoka. Nilicheka, nikalia, nikambusu, maji ya beseni yakamwagikia shuka. Naye kacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Nampenda mno mama yangu. Naliandika hapa maana kuna siku huwa sikumbuki.

Nikawatumia Kaka na Dada habari. Simu zikamiminika. Dada alilia kwa sauti. Kaka kasema mikono yangu ina baraka, kasema hakuna daktari anayenifikia, kanivika kilemba cha ukoka mpaka kikaniziba macho. Halafu, mwishoni kabisa, wakati nimeshaanza kusema kwaheri: unaona sasa? Anapata nafuu kwako. Mgonjwa wa namna hii hahamishwi.

Nikakata, nikaenda kubadili shuka lililolowa.

Jumamosi, 16 Machi

Meneja anakula kama amelipwa. Na leo ana vituko vipya. Nilisogea na kopo, akainua mkono mmoja wa mbele, akauzungusha hewani polepole, akaushusha. Kisha tena. Anapunga!

Nikamgeuzia Mama sanduku. Meneja akampungia. Mama akatazama, akatazama, halafu mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye shuka — ukapunga. Mjusi anapunga, Mama anapunga. Nimepiga video. Dada kaisambaza kwa ukoo mzima. Shangazi kaandika kwamba hata wanyama wanajua kusalimia wakubwa.

Kaka kaandika: familia yenye furaha.

Nimezima simu, nimekwenda kukamata nyenje waliotoroka. Wanalia nyuma ya kabati mchana kutwa.

Jumatatu, 18 Machi

Bosi kapiga. Yeye hana maneno mengi. Kasema oda zimejaa, kuna msichana mwingine anaomba kiti changu, mikono yake mizito lakini yupo. Ananitaka mimi. Lakini vinywa vya watu havisubiri. Nimpe jibu Jumatatu ijayo asubuhi, ndiyo au hapana, asisikie tena "ngoja niongee na ndugu zangu".

Nikasema sawa. Nimeongea na ndugu zangu sasa hivi. Nimewaambia waziwazi: nataka zamu, kila mmoja mwezi mmoja, naanza kazi mwezi ujao. Dada kasema watoto wake wana mitihani. Kaka kasema tutazungumza Jumapili, wote, kwa video, kwa utulivu. Hapendi nikiwa na haraka.

Jumatano, 20 Machi

Siku yangu. Jirani kapita nje, kasalimia kupitia dirishani, macho kwenye sanduku.

Nimemtumia Muuzaji ile video ya kupunga, nikijua atafurahi. Kanipigia, nikaweka spika, Mama naye asikie. Kasema mtoto ana afya, rangi nzuri, hongera. Ila ile si salamu, dada yangu. Wanafanya hivyo mbele ya mkubwa. Maana yake: mimi ni mdogo, nimekubali, usinidhuru.

Nikauliza, hata kwangu mimi ninayemlisha?

Kasema kwake yeye wewe ni mlima.

 Kumbe siku zote ananiomba. Nimekaa sakafuni, chini ya usawa wa jiwe lake, nikamlisha kutoka huko. Hakupunga.

Ijumaa, 22 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Taa zote kimya. Meneja kapoa, kawa mweusi, nikamweka ndani ya blauzi yangu, juu ya kifua. Mama naye kasikia baridi, nikapanda kitandani kwake, kanishika mkono kwa ule wake mzima. Wamelala wote wawili juu yangu. Sikuweza kuinuka hata kwenda haja ndogo. Simu inalia jikoni, inalia, inanyamaza.

Naandika kwa mkono mmoja. Siumwi popote. Ila nikivuta pumzi ndefu mmoja ataamka.

Jumapili, 24 Machi

Naandika haraka, nimesimama jikoni.

Simu niliiegemeza kwenye sanduku la Meneja, Mama kwenye kiti chake pembeni yangu, nimemvalisha gauni la bluu. Kaka kwenye kioo cha simu, Dada kwenye kioo, mume wa Dada kwa mbali anakula kitu. Salamu. Mama mzima? Mama mzima. Na yule mjusi? Mjusi mzima.

Kaka kaanza. Kasema wamekwisha kukaa, yeye na Dada, wameliangalia suala hili pande zote. (Lini? Mimi nilikuwa wapi?) Mama amezoea hapa. Ameanza kusema hapa. Kumhamisha ni kumrudisha nyuma. Mimi sina mume wala watoto wa kunibana. Meno bandia yatakuwepo siku zote. Watakuwa wananitumia cha matumizi. Wanamzungumzia Mama kama kabati linalojadiliwa lisukumwe wapi, naye amekaa palepale, macho yanatoka kwa Kaka yanakwenda kwa Dada.

Nikasema, "Lakini Bosi anataka jibu kesho."

"Usijisumbue na hilo," Kaka kasema. "Namba yake ninayo. Nitampigia mwenyewe kesho asubuhi, nimweleze kwa heshima. Wewe tulia na Mama. Tumekubaliana, sivyo?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo! Nilikwisha kuyasema mbele ya kioo cha bafuni. Kaka kasubiri, ile sura yake kubwa imejaa kwenye simu. Nikaona mkono wangu unainuka. Sikuuamuru. Ukainuka polepole, ukapunga.

Wakafurahi. "Haya, haya!" Dada akapunga, Kaka akapunga, hata shemeji kapunga na mkono wenye chakula. Walidhani naaga.

Mama hakupunga. Alinitazama usoni, akautazama mkono, akatazama nyuma ya simu, kwa Meneja juu ya jiwe lake la plasta. Kisha mkono wake wa kushoto ukanidaka kifundo cha mkono. Ana nguvu bado! Akaushusha mkono wangu mpaka kwenye paja, akaubana hapo.

"Se-ma," kasema.

Kaka: "Mama kasema nini? Haisikiki vizuri."

"Sema!" Lile jicho. Jicho la shule nzima.

Nimewaambia mtandao unasumbua, wasikate. Nimeilaza simu kifudifudi mezani, nimekimbilia huku. Herufi hazikai kwenye mstari. Namsikia Kaka anaita haloo, haloo, uko wapi, tumekwisha kumaliza. Na Mama ameanza kugonga kimeza chake kwa kijiko, hataki kuacha. Kijiko, kimya kidogo, kijiko. Hivyo ndivyo alivyokuwa akigonga meza darasani, kumsubiri mtoto aliyesimama ajibu.