Jina Ni Refu Mno

Kasulu, Ijumaa, 14 Novemba 2014

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haina dalili ya kuacha. Viatu vyangu vimejaa tope jekundu mpaka kwenye kamba. Nimechoka, nina njaa, na bado nina hasira kidogo, ile ya mtu aliyetoka kugombana na hajutii.

Nianze na aibu yangu.

Laptop yangu inaumwa. Diski yake ya ndani imeanza kugonga, na Jumatatu ilikataa kuwaka mara mbili. Fundi Shabani, mwenye kibanda nyuma ya soko, aliniambia itabidi diski ibadilishwe, ila nihamishe kwanza vitu vyangu kwenye diski ya nje, maana akishatoa ya zamani yeye hahusiki. Nikanunua diski ya nje. Jumatano nikahamisha mwenyewe nyumbani. Katikati ya kazi kompyuta ikawa inaniuliza kitu kwa Kiingereza, nami nabonyeza "ruka", tena "ruka", mwishowe nikaiambia iruke zote isinisumbue. Mwalimu mzima, ninayewagombeza wanafunzi kwa kujibu swali ambalo hawajalisoma.

Jana nikafungua diski ya nje kukagua. Zilitakiwa ziwemo sauti arobaini na moja. Nilikuta tisa.

Ni sauti za wanawake wa Rungwe Mpya na vijiji vya jirani, wengi wao bibi vizee. Wa kwanza kumrekodi alikuwa mama yangu. Kwa miaka miwili, kila likizo, nimekaa nao na simu yangu, namwomba kila mmoja aseme jina lake lote, maana yake, nani alimpa na kwa nini. Hakuna aliyenituma. Kwetu jina ni sentensi nzima: mtu huitwa kwa shukrani, kwa msiba, hata kwa kijembe alichorushiwa jirani. Wengine kati ya hao bibi tumeshawazika. Kwenye simu nilizifuta sauti zao zamani ili nipate nafasi, kwa hiyo zimebaki kwenye diski hiyo inayogonga, basi.

Nikarudia kuhamisha, na maswali yale nikayaruka tena. Tisa. Nikabadilisha waya. Tisa. Nikaulaumu umeme, nikamlaumu aliyeniuzia diski. Tisa zilezile, za akina Maria na Ana, walionipa majina mafupi ya ubatizo na kuishia hapo.

Leo asubuhi nikabeba kila kitu kwa Fundi Shabani. Akajaribu, akasoma kwenye skrini, akacheka. Kompyuta ilikuwa inasema jina la faili ni refu mno. Kila sauti nilikuwa nimeiita kwa jina kamili la mwenyewe, na maana yake, na kijiji chake.

"Mwalimu, hili ni jina au barua ya posa?"

Akazichagua zote kwa pamoja, akaandika neno moja: bibi. Akanieleza kwamba akibonyeza tu, zitakuwa bibi moja, bibi mbili, mpaka bibi arobaini na moja, kazi ya sekunde tatu. Niliweka kiganja juu ya kibodi. Watu waliokaa kwenye benchi wakanitazama.

"Ni jina tu, Mwalimu. Sauti si zinabaki vilevile?"

Hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu maneno hayo nayajua.

Mama yangu anaitwa Habonimana. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa mtoto, na jina walilompa linasema kwa Kirundi kwamba anayeona ni Mungu, Imana. Siku ya kujaza fomu za uraia, karani mmoja aliishiwa visanduku vya herufi. Akaandika Haboni, akamwambia ni jina tu, mama. Mungu akabaki nje ya fomu. Mtaani, kwa Kiswahili chetu hiki, Haboni ikageuka Haoni, na mpaka leo kuna watu wazima wanaomuuliza kama amepoteza miwani. Jina lililokuwa likisema Mungu anaona sasa linasema mama yangu ni kipofu.

Kwa hiyo hapana. Bibi moja, bibi mbili, hapana.

Fundi si mtu mbaya. Alitazama saa, akaniambia anakwenda swala ya Ijumaa. "Ila hii diski inagonga vibaya, inaweza isiwake tena. Nikirudi, tufupishe ama tuwaage hao bibi zako." Akaniachia kigoda chake.

Ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya Jumatano. Nilisoma ujumbe mpaka mwisho. Ulisema: fupisha jina, au chagua mahali penye njia fupi zaidi. Kumbe kompyuta huhesabu njia nzima, folda zote ambamo faili limewekwa, pamoja na jina lenyewe. Nikaitazama njia niliyowatengenezea. Folda ya kwanza: "Nakala ya vitu vyangu vyote muhimu kabla ya kumpelekea fundi." Ndani yake: "Kazi zangu binafsi zisizo za shule." Ndani yake tena: "Sauti za bibi zetu wa Rungwe Mpya na vijiji vya jirani." Nafasi yote niliimaliza mimi, kwa mbwembwe zangu za mwalimu wa Kiswahili. Bibi za watu hawakuwa na kosa.

Nikatengeneza folda mpya kwenye diski ya nje. Nikaiita S.

Zikaanza kupita, kila jina na urefu wake. Nilikuwa nayasoma kwa sauti. Mzee aliyeleta simu kuchaji akanigeukia, nikaendelea kusoma. Kisha zikasimama kwenye jina la mama. Safari hii tatizo halikuwa urefu: diski imeharibika mahali hapo, haisomeki. Nikabonyeza "jaribu tena" mara nane. Diski ikazidi kugonga, na nyuma ya mama kulikuwa na foleni ya bibi ambao hakuna atakayewafufua waseme upya.

Nikabonyeza "ruka". Nikamruka mama yangu mzazi.

Waliobaki wote wakapita. Arobaini. Fundi aliporudi alihangaika na ile moja kwa nusu saa, kisha akatikisa kichwa. "Hii imeshakufa, Mwalimu. Pole sana." Hakunitania tena.

Nililia, siwezi kuficha. Kisha nikampigia mama nikamweleza.

"Sasa unalilia nini, mwana wanje, mwanangu wee, na mimi nipo? Si uliwatanguliza wasiokuwepo? Umefanya vizuri. Ngwino, njoo kesho nikuambie tena. Na uje na jembe, maharage hayajipandi."

Nitakwenda. Na wewe karani, popote ulipo, jua kwamba visanduku vyako havikutosha kwa sababu vilikuwa vichache, basi. Kesho nitapanda maharage mpaka kiuno kikatae. Kisha nitaketi na mama, niwashe simu, nimwombe aseme jina lake, na hakuna wa kumkatisha.