Nimepigilia Misumari Yako, Mama

Mama yangu,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, nakuambia mwenyewe: sanduku nimelifungua. Vikombe nimevitoa. Na ile misumari yako nimeipigilia ukutani, hapa hapa Kampala, mchana kweupe, kwa nyundo ya kuazima. Ukitaka kukasirika, kasirika. Mimi sijutii hata kidogo.

Najua ungesemaje. Ungeshika kiuno, ungeutazama ukuta, ungenitazama mimi, kisha ungesema yale yale: "Masika, hatupigi misumari mu nyumba ya watu." Hiyo ndiyo ilikuwa amri yako ya kwanza tulipofika mji huu, kabla hata hatujajua choo kiko wapi. Chumba kimoja Bwaise, wewe, mimi na mdogo wako, na hakuna kitu kilichoning'inia. Kalenda ilisimama dirishani. Kioo kiliegemea ndoo. Picha yako ya harusi ilikaa chini, uso umeelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Jirani akiuliza mbona hamtundiki, unamjibu, "Sisi tunapita."

Haya, tulipita. Tulipita mpaka nikamaliza shule. Tukapita tukiuza vitenge, wewe umebeba furushi kichwani, mimi nakufuata na lingine, ofisi hadi ofisi. Tukapita mpaka tukahamia Old Kampala na nywele zako zikawa nyeupe pe. Kupita gani huko, Mama?

Nakumbuka asubuhi tuliyokimbia kutoka kwetu, upande wa Butembo, nje ya mpaka wa Uganda. Lori liko barabarani, dereva anapiga honi, milio ya risasi inasikika ng'ambo ya kilima, na wewe uko sebuleni na koleo, unang'oa misumari! Dereva akaingia mpaka ndani. "Mama, wenzako wanakimbia na watoto, wewe unakimbia na misumari?" Wala hukugeuka. "Nilinunua na jasho yangu," ukamwambia. "Nyumba wataikuta. Misumari hawataikuta." Ukaimimina kwenye kopo la maziwa ya unga, ukaliweka sandukuni pamoja na vile vikombe sita vyeupe vyenye ukingo wa kijani, vya kunyweshea wageni kahawa Jumapili baada ya misa. Mimi nilikuwa nimeshika mkia wa gauni lako. Nilikuona mkubwa kuliko lori.

Tangu siku hiyo sanduku likawa juu ya kabati. Maji ya mafuriko ya Bwaise yalipoingia chumbani, ulilitoa nje sanduku kwanza, mimi baadaye, na hadithi hiyo ulikuwa unaisimulia mwenyewe huku unacheka, bila aibu. Mara moja moja ulikuwa unalishusha, unapaka misumari mafuta ya kula, mmoja mmoja, isishike kutu. "Siku tukirudi," ulikuwa unasema, "sitatafuta msumari dukani. Nitafika, nitatundika, nitapika kahawa." Vikombe unavifuta, unavifunga tena kwenye kitenge. Halafu unatumiminia kahawa kwenye vikombe vya plastiki, sisi watu wa kupita.

Basi hukurudi. Nasema wazi kwa sababu hakuna anayetaka kulisema. Nyumba yetu wanakaa watu wengine, na kuta zake zina misumari ya watu wengine. Wewe uko huku, kwenye udongo mwekundu wa Uganda, na sanduku likabaki juu ya kabati linanitazama.

Kilichonichokoza ni picha nilizoziona kwenye simu. Kumbe wanawake wa Ulaya, baridi ikiisha tu, wanapamba kona zao za kahawa nyumbani! Wanaweka sungura wa udongo, maua ya plastiki, vikombe vya rangi ya waridi, wanapiga picha. Nilicheka mwenyewe jikoni. Kisha kicheko kikakatika. Watu wasiojua kahawa ikiwa mtini inafananaje wameitengenezea kiti cha enzi, na mimi, mjukuu wa wakulima wa kahawa, nainywa nimesimama, kwenye plastiki, kwa sababu vikombe vyangu vizuri viko safarini! Nilikasirika, Mama. Nilikukasirikia wewe, na kumkasirikia maiti ni kazi, maana hajibu.

Wiki hiyo mvua ilikuwa imerudi baada ya jua lile kali, na mbuni wa Hajati, ule mti wake wa kahawa uani, ukachanua wote kwa pamoja, mweupe, harufu mpaka kitandani. Unamkumbuka Hajati, mwenye nyumba, mliyekuwa mnagombana naye kila wiki kuhusu kamba ya nguo. Nikamwendea nikamwambia nataka kupiga misumari kwenye ukuta wake, na nataka tawi la maua yake.

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama yako alikaa hapa mpaka akakufa, hakuniomba hata msumari moja. Mimi nilijua anadharau nyumba yangu."

"Hakudharau, Hajati. Alikuwa anangoja."

"Kale, nyabo. Haya, piga. Ukuta hii imeona mengi, haiwezi kufa na msumari." Kuhusu maua alikuwa mgumu zaidi. "Kila ua ni kahawa. Kata moja tu, usiniharibie mti."

Ila kabla sijagusa kitu nilimpigia mama mdogo. Ningefanyaje? Ndiye pekee aliyebaki katika mji huu anayenijua tangu nikiwa tumboni. Ukoo wangu wote wa hapa ni yeye, huko huko Bwaise alikogoma kuhama. Nikamweleza.

"Ukifungua ile sanduku," akasema, "umemwambia dada yangu kwamba haturudi tena. Fungua. Lakini mguu yangu haitakanyaga pale kwako. Utakunywa hiyo kahawa na ukuta."

Niliogopa. Nikikosa huyu, nani ataniita Masika kwa sauti ya kwetu? Nikakaa na simu mkononi. Halafu nikakukumbuka na koleo lako, dereva anapiga kelele nyuma yako. Ubishi huu sikuuokota barabarani, Mama. Nikachukua stuli, nikapanda, nikashusha sanduku.

Msumari wa kwanza ulipinda. Ukuta huu si wa mbao kama wa kwetu. Fundi wa jirani akaniambia nitupe hiyo takataka, ataleta mashine na misumari ya kisasa. Nikamwambia, "Fundi, nenda zako salama." Ni Hajati aliyekuja na kanga yake kichwani, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. "Hapa kuna tofali. Hapa pia. Hapa ndiyo udongo. Piga hapa." Nikapiga, ukaingia. Ulivyoingia, Mama, nililia kwa sauti na sikuacha kupiga.

Sasa nikuonyeshe, maana hukuzoea kuona kitu cha kwetu kimetundikwa. Ukutani kuna rafu ya mbao, na juu yake vikombe vyako vyote sita, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Chini ni meza ndogo niliyoivalisha kitenge chenye maua meupe, kipande nilichokataa kuwauzia wateja. Kuna kinu, sufuria ya kukaangia, chupa ya kahawa. Kopo la misumari nimelitia maji, ndimo lilimosimama tawi la Hajati. Misumari iliyobaki iko kwenye kisahani. Juu ya yote nimekutundika wewe na Baba, siku ya harusi yenu, na umekunja uso vile vile kana kwamba mpiga picha anakudai.

Jumapili nikawasha sigiri ya makaa, nikakaanga kahawa, mlango wazi makusudi. Kama ni kunywa na ukuta, basi nitakunywa na ukuta nilioupamba mwenyewe.

Mama mdogo akatokea bila hodi.

Alikuwa na viatu vya misa, matope ya Bwaise mpaka kwenye vifundo. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Nimepita tu," akasema. Nikamjibu, "Sisi tulishaacha kupita hapa. Ingia ama kaa nje."

Akaingia. Macho yake yalipoviona vikombe, akawaka. "Dada yangu alibeba hivi vikombe mu vita, akanywe kwake! Si mu nyumba ya watu!"

"Kwake ni wapi, mama mdogo?" Nilipandisha sauti, nisamehe, kwa mkubwa wangu nilipandisha sauti. "Mama yangu tumemzika wapi? Amelala kwa nani? Mji wenye kaburi la mama yangu mimi sitauita tena nyumba ya watu! Tukirudi kwetu siku moja, nitaing'oa yote, misumari ninayo, koleo nitanunua. Lakini kahawa nitainywa leo."

Akakaa. Nikammiminia kwenye kikombe chako, akakishika kwa mikono miwili, akakizungusha kutazama ule ukingo wa kijani. Akanywa. Akasema sukari ni kidogo, nikaongeza. Akanywa tena, macho ameyakaza kwako ukutani, muda mrefu.

"Sikuwahi kumuona dada akiwa juu hivyo," akasema. "Tangu tutoke kule ni kumuona chini tu."

Kisha akaniambia jambo ambalo labda wewe ulilijua. Picha ya marehemu mume wake iko chini, kando ya kitanda, imeegemea. Kila maji yakiingia, anamnyanyua. Mwaka jana alichelewa, maji yakampata pichani hadi mabegani. Aliyasema hayo akitazama kahawa yake, halafu akaweka kikombe chini polepole.

"Masika. Misumari imebaki?"

Nikachagua ule ulionyooka kuliko yote, nikaufuta mafuta kwa ncha ya kitenge, nikamwekea kiganjani. Akaufumbata.

Kwa hiyo lala, Mama. Kasirika ukipenda, lakini lala. Kikombe chako kipo, kinanywewa, na Jumapili ijayo Hajati anakuja kukagua kama tawi lake nimelitunza. Nyundo sijairudisha. Kesho naenda nayo Bwaise.

Ni mimi, kifungua mimba wako, mbishi kama wewe,
Masika